Kununua Shida ya Mtu

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni la zamani, na wenye elimu ya kunizidi wamelihangaikia kwa karne nyingi. Je, watu wawili wakikubaliana bei, mmoja akatoa mali na mwingine akatoa fedha, pasipo fimbo wala bunduki, bei hiyo imekuwa ya haki kwa sababu tu wamekubaliana? Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilijibu ndiyo, tena bila kufikiri. Wahenga walisema biashara haigombi, nami nilidhani maana yake ni kwamba pasipo ugomvi hapana dhuluma. Aliyenifanya nisite si mwanafalsafa, wala shehe, wala padri. Ni mama mmoja muuza machungwa, tena si katika nchi yangu, bali ng'ambo ya mpaka, kabla jua halijachomoza.

Mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, nilialikwa arusini Mombasa. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa ni ugenini kwa karatasi tu. Kutoka Tanga mjini hadi mpakani Horohoro ni kilometa zipatazo 65. Ukishavuka upande wa Lungalunga unakuta minazi ile ile, upepo wa kusi ule ule, na Kiswahili ambacho kitakupiga chenga kwa neno moja moja tu. Hata hivyo mpaka ni mpaka. Sisi wa rika langu hatujasahau Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inasambaratika na nchi yetu ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo gunia la machungwa lililovuka kwenda Mombasa liliitwa magendo, na mche wa sabuni uliorudi nao uliitwa magendo. Leo, baada ya Jumuiya kufufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999, malori ya machungwa hupita mchana kweupe, na mimi nilipita kwa basi, nikagongewa muhuri, nikavuka feri ya Likoni jioni kama mtu anayekwenda kijiji cha pili.

Nilifikia kwa mpwa wangu, Kisauni. Ni mama wa watoto watatu, na riziki yake ni kuuza mahamri na sharubati ya machungwa karibu na kituo cha matatu. Asubuhi ya pili nikamsikia ameamka kabla ya adhana.

"Mjomba, lala," akaniambia. "Mimi naenda Kongowea kuchukua machungwa."

Nikamjibu kwamba usingizi wa mzee huisha saa tisa, nikavaa koti langu.

"Haya, twende basi, ukawaone watu wa kwenu," akasema huku akicheka. Sikuelewa utani huo mpaka tulipofika.

Soko la Kongowea liko bara ya kaskazini ya Mombasa, ukishavuka daraja la Nyali kutoka kisiwani. Asiyelijua anaweza kulipita saa nne asubuhi akadhani ni soko kama masoko mengine. Lakini soko lenyewe hasa ni la alfajiri. Saa kumi na moja tulikuta malori yamepangana hadi barabarani, mahamali wakipenya na mikokoteni wakipiga kelele wapishwe, na akina mama wamekwisha kutandika magunia kando ya njia kwa mwanga wa taa na simu. Viazi na kabichi vilikuwa vimeteremka usiku kutoka bara ya Kenya. Vitunguu, nikaambiwa, vingi vimetoka kwetu. Kisha nikaona machungwa. Yalikuwa marundo kwa marundo, ya kijani, na hapo ndipo nilipouelewa utani wa mpwa wangu. Chungwa la pwani yetu huiva likiwa bado kijani, kwa kuwa usiku wetu hauna baridi ya kutosha kuligeuza rangi. Mgeni hulidhania bichi, lakini mtu wa Muheza hulijua mbali. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na mtoto wa jirani katika mji wa watu.

Machungwa haya niliyajua yakiwa juu ya mti. Sikuwa nimepata kuyaona yakiwa bei.

Lori moja lilikuwa limezungukwa na watu. Mwenye mzigo alikuwa kijana, na kwa matamshi yake nilijua ametoka kwetu. Kumbe lori alilolikodi lilikuwa limeharibika njiani, machungwa yakashinda chini ya turubai siku nzima, na sasa mwenye lori anataka gari lake kabla ya saa mbili. Madalali walikuwa wamekwisha kunusa jambo hilo. Hawakuwa na haraka. Mmoja huja, hubonyeza chungwa, huguna, huondoka. Mwingine huja vile vile.

"Tatu," mmoja akasema hatimaye. Alikuwa na maana ya shilingi tatu za Kenya kwa tunda.

"Jana yalikuwa saba," kijana akasema.

"Jana yalikuwa machungwa. Leo ni uji."

Watu wakacheka. Nikamwona kijana anatazama mashariki, ambako mbingu imeanza kupauka, kisha anaitazama saa ya simu yake. Alikuwa amefungua kinywa kusema neno, nami najua ni neno gani, wakati mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kreti tupu aliponyanyuka. Alikuwa wa makamo ya miaka sitini, amejitanda kanga, na ufunguo wa ghala umening'inia shingoni kwa uzi. Ndiye mpwa wangu aliyezoea kununua kwake.

"Mwanangu, teremsha gunia moja hapa tulimwage," akasema.

Likamwagwa. Yule mama akainama akayachambua kwa mikono miwili, upesi kama mtu achambuaye mchele. Mabovu akayatupa kando. Hayakuwa mengi. Kisha akamwuliza kijana, "Haya yaliyobaki yana kasoro gani?" Kijana akasema hayana. "Yana kasoro moja," mama akasema. "Ya siku zote hukaa siku nne, haya yatakaa mbili. Nitatoa sita. Mabovu hayahesabiwi."

Dalali wa shilingi tatu akaghadhibika. "Mama, waharibu soko! Huyu alikuwa keshakubali tatu."

"Hakukubali," yule mama akamjibu bila kumtazama. "Alikuwa amechoka." Halafu akaongeza, kama mtu anayesema jambo dogo, "Miye nanunua machungwa. Shida yake siinunui. Nitaiweka wapi?"

Msomaji asidhani namweleza mtakatifu. Dakika chache baadaye alituuzia sisi machungwa yale yale kwa shilingi nane, wala hakupunguza hata senti, japo mpwa wangu alimwapia kila kiapo. Nilipojaribu kumsifu kwa lile alilomfanyia kijana wa kwetu, alinikata kauli: "Mzee, yule atarudi wiki ijayo na mzigo mwingine. Wewe utarudi?"

Nimelifikiria soko lile mara nyingi, na kila mara narudi kwenye tarakimu tatu: saba, sita na tatu. Saba ndiyo iliyokuwa bei ya soko. Kutoka saba kushuka hadi sita palikuwa na sababu iliyomo ndani ya chungwa lenyewe, kwamba litaharibika mapema, na anayelinunua anabeba hatari hiyo. Hilo ni punguzo la haki, na kijana mwenyewe angeliona hivyo angekuwa yeye mnunuzi. Lakini kutoka sita kushuka hadi tatu hapakuwa na sababu yoyote ndani ya chungwa. Sababu yote ilikuwa ndani ya mtu: lori la kukodi, jua linalopanda, na uchovu wa siku mbili. Shilingi hizo tatu za pili ndizo alizoziita shida. Katika maisha yangu ya kufundisha hesabu sikupata kuona mtu akitoa dhuluma kutoka katika bei kwa wepesi kama ule.

Hapo ndipo ulipoanza usumbufu wangu.

Niliporudi nyumbani nilitafuta daftari la zamani. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi mwenyewe nilishika mafundisho yangu. Katika miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi, hata mwalimu mkuu, na wengi wetu tulikuwa na biashara ya pembeni. Yangu ilikuwa kununua machungwa juu ya mti. Mkulima mwenye shida ya fedha huuza matunda yakiwa bado machanga, mnunuzi hulipa mara moja, kisha husubiri msimu. Januari 1994 nilinunua miti ishirini kwa mzee mmoja aliyekuwa karani mstaafu wa shamba la mkonge. Daftari linasema shilingi 20,000. Mwezi huo huo, katika kijiji hicho hicho, nilinunua miti mingine ishirini ya umri ule ule na matunda yenye ukubwa wa gololi vile vile. Daftari linasema shilingi 12,000.

Huyu wa pili alikuwa mzazi katika shule yangu. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, mmoja wa wachache mno mwaka ule, na ni mimi niliyempelekea habari hiyo nyumbani kwake. Nikampa na fomu yenye orodha ya vitu: ada, godoro, sanduku la bati, ndoo, jembe, viatu. Nikamweleza pia siku ya mwisho ya kuripoti. Baada ya siku tatu alikuja mwenyewe kuniuliza kama ningependa kununua machungwa yake. Nikamwuliza anataka ngapi. Akasema kumi na tano. Nikasema kumi na mbili. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, Mwalimu. Nikamlipa siku ile ile, na kwa miaka mingi nilijisimulia kwamba nilimsaidia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nilijiambia. Sikujiuliza anaitwaje yule anayefaidi kwa dhiki.

Miti ni ile ile, mwezi ni ule ule, mnunuzi ni yule yule. Karani alikuwa na kiinua mgongo chake, angeweza kunicheka na kungoja mwingine. Mzazi alikuwa na siku kumi. Tofauti yao ni shilingi 8,000, na hiyo ndiyo bei niliyoinunulia shida. Tena niliijua kuliko mtu yeyote, kwa maana ni mimi niliyempelekea tarehe.

Ni aibu kuongeza, lakini nitaongeza, kwamba nilikuwa mwalimu wa siasa kabla ya kuwa mwalimu mkuu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina onyo ambalo watu hulisahau. Linasema tusidhani wanyonyaji ni mabepari peke yao, kwani wakaao mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima. Nimeiandika hoja hiyo ubaoni mara nyingi. Sikupata kudhani kwamba inaweza kumhusu mtu mwenye baiskeli na daftari.

Sasa turudi kwenye swali. Alikubali, au hakukubali? Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuliza jambo linalokaribiana na hili katika kitabu chake cha maadili, na mfano wake ni wa watu wa pwani. Nahodha aliyepatwa na dhoruba hutupa shehena baharini ili chombo kisizame. Je, ametupa kwa hiari yake? Kwa upande mmoja ndiyo, kwa kuwa mikono iliyotupa ni yake na akili iliyoamua ni yake. Kwa upande mwingine, hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa mali yake baharini hivi hivi. Aristotle akaviita vitendo vya namna hiyo vya mchanganyiko. Mimi nauendeleza mfano wake hatua moja. Tuchukue jahazi kati ya Pemba na Tanga, nahodha ametupa magunia ya karafuu, na mtu mmoja akayaokota ufukweni. Nahodha anapofika salama na kuyaulizia, mwokotaji akimjibu, "Ulitupa kwa hiari yako," tutamwonaje? Maneno yake si uongo. Hata hivyo kila mtu kijijini atajua kwamba amejificha nyuma ya neno hiari kama mwizi anavyojificha nyuma ya mlango.

Mzazi yule alikuwa nahodha, na mimi nilikuwa ufukweni.

Najua yatakayosemwa kunitetea, maana nimeyasema yote mwenyewe. La kwanza ni kwamba mnunuzi wa matunda machanga anabeba hatari. Mvua inaweza kukosekana, wadudu wanaweza kuingia, matunda yanaweza kupukutika. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi nilipaswa kulipa bei ya Julai. Lakini hatari hiyo ilikuwa ndani ya miti ya karani pia, nami niliikadiria humo kwa shilingi 20,000. Hatari ile ile haiwezi kuwa na bei mbili kwa mnunuzi mmoja katika mwezi mmoja.

La pili ni kwamba dunia ndivyo ilivyo, bei hupanda na kushuka, na hapana wa kulaumiwa. Sisi wa Tanga hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Mkonge ulioletwa na Hindorf mwaka 1893 uliujenga mkoa wetu, na katika miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani kwa kuuzalisha. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Wengi waliumia, lakini siwezi kusema kwamba aliyegundua nailoni aliwadhulumu. Hakuwajua. Hiyo ilikuwa bahati mbaya. Dhuluma huanza pale mtu anapoitazama shida ya mwenzake usoni, akaipima, kisha akaitia katika hesabu upande wa faida yake. Madalali wa Kongowea hawakuwa na haraka kwa sababu waliyajua ya lori. Nami sikuwa na haraka kwa sababu niliyajua ya fomu.

La tatu ndilo zito. Kama sote tungekataa kununua kwa watu wenye dhiki, wenye dhiki wangeuza kwa nani? Kumi na mbili si bora kuliko sifuri? Hakika ni bora, na mtoto yule alikwenda shule. Lakini hoja hii ina ujanja ndani yake. Inanipa njia mbili tu, kununua kwa kumi na mbili au kumpa kisogo, ilhali njia zilikuwa nne au tano. Ningeweza kulipa kumi na tano alizoomba. Ningeweza kulipa ishirini kama nilivyomlipa mwenzake. Ningeweza kumkopesha ada akanilipa wakati wa mavuno. Ningeweza hata kulipa kumi na mbili na, msimu ulipokuwa mzuri, kumrudia na nyongeza. Kwamba nilimsaidia ni kweli, na kwamba nilimdhulumu ni kweli pia, na la kwanza halilifuti la pili. Tendo moja linaweza kuwa na pande mbili kama shilingi.

Dini zetu zilikwisha kuliona hili. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.) imekatazwa kuuza matunda kabla dalili za kuiva kwake hazijaonekana, na wanazuoni hueleza sababu: matunda yakiharibika, mmoja wao atakuwa amekula mali ya mwenzake bure. Imekatazwa vile vile kutoka nje ya mji kwenda kuwalaki wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni wakaijua bei, na aliyeuza kwa namna hiyo ana hiari ya kuuvunja mkataba akishafika. Ajabu ni kwamba Mtume huyo huyo, watu walipomwomba apange bei za soko zilipopanda, alikataa. Hakuona kwamba bei inayopanda ni dhuluma, lakini aliona kwamba kumwotea asiyejua ni dhuluma. Mithali za Suleimani nazo zinamdhihaki mnunuzi anayeiponda bidhaa mbele ya mwenyewe kisha akajisifu akishakwenda zake. Dalali aliyesema "leo ni uji" yumo humo, miaka maelfu kabla hajazaliwa.

Sisi katika nchi yetu tulijaribu njia nyingine. Tulikuwa na Tume ya Bei, na sabuni, sukari na kibiriti vilipangiwa bei mezani. Nakumbuka mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, bei zilizobandikwa madukani zilikuwa nzuri kabisa, na rafu zilikuwa tupu. Bei ya haki isiyo na bidhaa haimwogeshi mtoto. Baadaye tukalegeza biashara, bidhaa zikarudi, na sasa ukiwa na fedha hukosi kitu. Lakini soko huria lina upofu wake. Linajua nani ana machungwa na nani ana fedha, ila haliulizi ni nani anayezama.

Je, kuna dawa? Nimeona dawa nusu nusu. Simu ya mkononi ni mojawapo. Mkulima wa Muheza siku hizi anaweza kuuliza bei ya Kongowea akiwa chini ya mchungwa wake, na huwezi tena kumdanganya kama zamani. Simu imeondoa ujinga wa bei, lakini haijaondoa shida, na yule kijana wa lori alikuwa na simu mkononi. Chama cha ushirika kilicho hai, au chama cha kuweka na kukopa kinachoweza kumpa mzazi ada mwezi wa Januari bila kumwekea masharti ya kumkaba, hufanya zaidi, kwa kuwa humpa muuzaji kitu kimoja tu alichokuwa nacho karani na mzazi hakuwa nacho: uwezo wa kusema hapana na kurudi nyumbani. Nadhani hapo ndipo penye jibu la swali langu. Makubaliano hutoa bei ya haki pale tu ambapo kila mmoja angeweza kukataa. Asipoweza kukataa, neno lake la "sawa" halitoshi, na mzigo wa haki wote unamhamia yule mwingine, anayeweza. Ni lazima ajiulize mwenyewe: mtu huyu asingekuwa na shida, ningempa ngapi? Kisha ampe hizo.

Yule mama wa Kongowea alifanya hivyo akitazama pia wiki ijayo. Je, tendo lake linapungua thamani kwa kuwa lina faida ndani yake? Zamani ningesema linapungua. Siku hizi sisemi. Madalali nao walikuwa na wiki ijayo, lakini hawakuitazama. Kumwona mtu wa leo kuwa ni mtu utakayekutana naye tena, ambaye atakukumbuka, ni nusu ya uadilifu. Mimi nilikutana na mzazi yule kila Ijumaa kwa miaka thelathini, tukasalimiana, na sikumwona.

Nilimwendea mwezi wa Agosti, baada ya kulitazama daftari. Ni mzee sasa kama mimi, macho yamepungua nuru. Mwanawe alisoma, ana kazi yake. Nilikaa naye barazani, nikamweleza habari ya Kongowea, kisha nikalifungua daftari nikamsomea mistari miwili. Nilidhani nampa habari.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Karani aliniambia wiki ile ile, tukinywa kahawa."

Nikamwuliza kwa nini hakusema neno miaka yote hiyo.

"Ningesema nini? Mwanangu alikuwa ameingia shule kwa mkono wako, na wadogo zake watatu walikuwa bado kwako darasani."

Niliyafundisha maneno mengi katika maisha yangu, lakini siku ile sikuwa na hata moja. Nilikuwa nimehesabu deni njiani kwa namna niliyoiona ya haki. Shilingi 8,000 za mwaka 1994 leo si kitu, hivyo nilizigeuza kuwa miti. Kwa bei niliyomlipa karani, ilikuwa ni matunda ya miti minane. Nikauliza kijijini miti minane inauzwaje mwaka huu ikiwa na matunda machanga, nikaitia fedha hiyo katika bahasha. Nilimkabidhi nikamwambia kuwa ni kidogo.

Aliipokea, akaishika kwa muda bila kuifungua. "Nitaichukua," akasema, "lakini usiniambie kuwa ni zawadi."

Nikamwambia si zawadi. Akaniita mjukuu wake atuletee machungwa, tukamenya, tukala.